Kufuli la Boneti

Darzhomj, 4 Novemba

Kaka Alifbek,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua hii nampa Shohin dereva, na ameniapia kwamba atakukabidhi mkononi hapo karakana ya mabasi, hataisahau kwenye koti kama ile ya mwanzo. Mnara wa simu bado umelala pale pale ulipoangushwa na maporomoko, kwa hiyo tuzoee kalamu.

Gari lako limeanza kiburi. Nasema lako kwa sababu wewe ndiye uliyeling'oa injini ukalitia mota na betri, ingawa kijiji kizima bado wanaliita la Baba. Ulipoliacha Septemba lilikuwa linateleza kama limepakwa siagi. Sasa linakata. Unakanyaga, taa nyekundu inawaka, mota kimya, umekaa katikati ya barabara na magunia ya viazi ya watu. Ukingoja huenda likakubali, huenda likakataa mpaka kesho yake.

Nisingekusumbua kwa ajili ya viazi. Mkunga Zaynura alinipima Jumatano, akasema mtoto amekingama tumboni na hajigeuzi. Huyu hazaliwi hapa, kasema, huyu ni wa kupasuliwa mjini Khorog, na nifike kabla ya uchungu, siyo baada. Siku zangu ni katikati ya Desemba. Hospitali hawalazi mtu mapema, na Khorog hatuna wa kutuweka zaidi ya siku chache, kwa hiyo tumepanga kushuka Desemba ikishaanza. Magari ya petroli ya wenzetu yameshapandishwa juu ya mawe, si unajua petroli haifiki huku majira haya. Ni gari hili au punda. Imomdod nimemficha habari hizi. Mume aliye juu ya majengo ya watu huko Urusi, nikimwambia atafanya nini zaidi ya kuanguka?

Injini ya zamani ya Baba bado imefunikwa blanketi ghalani, anaipitia kila asubuhi kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Gari likizima yeye hushuka, huinua boneti, hupangusapangusa ndani kwa mkono wa shati, hufunga. Hapo ama linawaka ama haliwaki. Kuku nao wanapungua. Anasema ni mbweha.

Niambie nifanye nini. Naogopa, kaka, na hapa sina wa kumwambia.

Mdogo wako,
Gulsifat


Dushanbe, 9 Novemba

Mdogo wangu Gulsifat,

Barua yako imenifika. Shohin kaileta kweli, na kanywa chai yangu yote.

Gari la umeme halina kiburi. Lina sababu, na sababu hutafutwa. Chukua ile mita ya njano niliyokuachia. Waya mwekundu wa mita uguse kwenye chanya ya betri, mweusi ubane kwanza kwa kibanio kwenye chuma cha bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Gari la petroli hutumia bodi yake kupitishia umeme. Hili letu hapana, bodi yake haitakiwi kupata hata tone. Ukisoma namba ndogo, karibu na sifuri, salama. Ukisoma kubwa, umeme unavuja mahali. Kontrola, lile boksi jeusi linaloamuru mota, likiona uvujaji linakata kila kitu. Linafanya hivyo ili lisiue mtu.

Pima siku kavu, pima na siku ya unyevu. Vaa glavu za mpira. Na mkono mmoja uwe mfukoni, daima. Sisi karakana hatumruhusu mtu kugusa betri kwa mikono miwili, maana umeme ukiingia huku na kutokea huku unapita kwenye moyo. Umesoma? Mfukoni. Hata kama unawashwa pua.

Hiyo ya Baba kuinua boneti kila mara, anapangusa nini? Sikuacha kitu cha kupanguswa humo.

Utafika Khorog, wewe na huyo aliyekingama. Nalitafuta tatizo hili hata usingizini.

Kaka yako,
Alifbek


Darzhomj, 15 Novemba

Kaka Alifbek,

Nimepima. Mkono mmoja mfukoni, mwingine kwenye mita, na tumbo likitangulia kufika mbele ya vyote viwili. Bibi Oyimcha wa jirani kapita akanikuta hivyo, akasema mjamzito hachezi na vyuma. Nimemwambia napima homa ya gari. Ameondoka ameridhika.

Siku kavu namba ilikuwa tatu. Juzi ikaanguka theluji ile ya majimaji, nikapima tena, ikasoma sitini na moja. Siku hiyo hiyo gari likakata mbele ya kinu cha kusagia nafaka. Kwa hiyo linavuja, na linavuja likilowa. Nimekagua waya wote ninaoweza kuufikia, sioni palipochubuka. Mbele kabisa, chini ya ukingo wa boneti, tumbo haliniruhusu kuinama.

Kuna jingine, na nimelala nalo usiku mzima kabla ya kuliandika. Jana asubuhi nilitoka kukamua, nikamkuta Baba ameinua boneti na ameshika kisu. Aliponiona aliiangusha boneti mpaka ikalia. Nikamwuliza anatafuta nini humo. Akasema anaangalia maji.

Kaka, gari hilo halina maji tangu ulipong'oa injini Agosti.

Nilicheka pale pale, kisha nikaingia ndani kicheko kikaniishia. Sikuambii ili umkasirikie. Nakuambia kwa sababu uliniuliza Baba anapangusa nini humo.

Gulsifat


Dushanbe, 20 Novemba

Gulsifat,

Sasa nimeelewa, na heri ningekuwa sijaelewa.

Nimezunguka na namba zako siku nzima nikitafuta waya uliochubuka wenyewe. Kumbe mtu ana kisu. Mzee hakuwahi kulikubali gari hili. Nilipoitoa injini yake alikaa ukutani kutwa nzima hakunywa hata chai. Anachubua hapa kidogo, anafunga, mvua inamalizia. Gari likifa kabisa nitaambiwa nimrudishie injini yake.

Kwenye kifurushi kuna kufuli. Pale kwenye kishikizo cha boneti kuna tundu, litaingia. Funguo ukae nazo wewe, siyo yeye. Barua ya pili mpe mwenyewe.

Usilie. Nakuona unavyotaka kulia.

Alifbek


Dushanbe, 20 Novemba

Baba yangu Davlatqadam,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima, lakini nina hasira, na sitaificha.

Ulipokuwa hutaki gari libadilishwe ungesema. Nilikuuliza mbele ya watu ukajibu fanya utakavyo. Sasa nimeambiwa unafungua boneti na kisu mkononi, na gari linakufa barabarani. Baba, unajua nani atapanda gari hilo mwezi ujao na amebeba nini. Chuma chako cha zamani kimekuwa na thamani kuliko mtoto wa binti yako?

Kuanzia leo boneti ina kufuli. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi basi nakukataza, usiliguse tena.

Mwanao,
Alifbek


Darzhomj, 27 Novemba

Kaka,

Ungeniambia yaliyomo ndani ya barua ile kabla hujanituma nayo.

Miwani ya Baba ya kusomea imevunjika kitambo. Mbali anaona mpaka ng'ambo ya mto, lakini maandishi hapana. Akaniambia, nisomee, mwanangu kaandika nini. Akakaa vizuri, akaweka mikono magotini kama anayesubiri habari njema. Nikaanza na shikamoo. Nilipofika pa kisu nikaruka, nikaenda mwisho. Akasema, rudia hapo, umeruka. Nikarudia. Ile ya chuma chake na mtoto wangu nimeisoma kwa sauti yangu mwenyewe, kaka, mbele ya uso wake.

Aliuliza tu, amemaliza? Nikasema amemaliza. Akachukua funguo zile mbili za kufuli jipya, ule mmoja niliokuwa nao na ule wa akiba uliokuwa kwenye kifurushi, akanifungia zote kwenye kona ya ushungi wangu kwa fundo. Akasema, gari nitaendesha, maana wewe hutoshi nyuma ya usukani. Boneti ni ya mwenye nayo. Tangu siku hiyo anakwenda kukaa kinuni asubuhi anarudi giza likiingia. Chai ya chumvi nikimmiminia anainywa, anasema asante, kama mgeni.

Nilikuwa na hasira naye pia, nakiri. Sasa sijui hasira hiyo niiweke wapi.

Gari ni zima. Baridi kavu imeshuka, theluji inalia chini ya viatu, na tangu kufuli liingie halijakata hata mara moja. Namba ni tatu kila nikipima. Hata mbweha hajarudi.

Gulsifat


Dushanbe, 2 Desemba

Mdogo wangu,

Umeona sasa? Waya wale wale, betri zile zile, kilichobadilika ni kufuli. Sisherehekei. Nimekaa na barua yako nimeshindwa kula. Lakini kama angekuwa hana hatia angejitetea, na mtu anayenyamaza hivyo anajua alichofanya.

Akikuomba funguo usimpe, hata akikulilia. Shuka Khorog salama. Tutaongea naye mtoto akishafika, na mimi nitakuwa wa kwanza kumshika mkono.

Kaka yako,
Alifbek


Khorog, hospitali, 11 Desemba

Kaka Alifbek,

Barua yako ya kushangilia imenikuta hapa kitandani. Nimeisoma mara moja, nimeiweka chini ya godoro.

Mtoto ni msichana, yu hai, ananyonya. Mimi nimeshonwa. Soma mengine polepole.

Tarehe tano tulikuwa tunajiandaa tushuke kesho yake. Hewa ikageuka, upepo wa uvuguvugu ukapanda bondeni na theluji ikawa uji. Chupa yangu ilipasuka nikiwa nakanda unga. Mkunga Zaynura akasema msingoje hata dakika. Wakanivua nguo zilizolowa, wakanivisha koti la Zaynura na shali yake, wakaniinua hadi garini, na Zaynura akapanda nami. Ushungi wangu ulibaki kwenye msumari karibu na jiko, na funguo zote mbili kwenye kona yake.

Tulipita daraja la pili. Kwenye ile kona ya mwamba taa nyekundu ikawaka, mota kimya.

Nilimwambia, Baba, fungua. Akasema, lete funguo. Hapo ndipo nilipokumbuka ulipo ushungi wangu. Kaka, nyuma ya kiti kulikuwa na nyundo. Nikamwambia avunje. Akaishika, akasimama mbele ya boneti, nikamwona kupitia kioo anaiangalia. Kisha akarudi, akaiweka chini taratibu. Akasema, nikivunja halafu likakataa kuwaka, atasema nimeliua mimi, na wewe ukiwa ndani. Nimeambiwa nisiguse.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Alivua koti akanifunika, akavua glavu zake za manyoya akanivisha miguuni, maana viatu vyangu vilikuwa vimelowa. Akaondoka kwa miguu kwenda kituo cha watengeneza barabara kutafuta trekta. Upepo uligeuka akiwa njiani, ule uji ukaganda. Zaynura alinishika tumbo, akanikataza kusukuma, na tukakaa.

Trekta lilikuja. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, ameshikilia chuma kwa mkono wa kulia mtupu njia nzima kutoka kituoni, maana ndani kulikuwa na nafasi moja tu, na alihofia dereva akiachwa peke yake ataipita ile kona. Wakatuvuta mpaka mlango wa hospitali. Mimi nilipasuliwa siku hiyo. Yeye wamemkata siku ya tatu. Vidole vinne vya mkono wa kulia, kimebaki gumba.

Sasa nikuambie kuhusu gari. Liko hapa uani. Dereva wa trekta alilipiga kufuli lako nyundo moja tu, likaanguka. Nilipoweza kusimama nilikwenda kuangalia. Ile plagi ya waya unaotoka kwenye kanyagio, pale chini ya ukingo wa boneti nisipoweza kuinama, imejaa ukoko wa kahawia. Nikadhani kutu. Nikakwangua kwa ukucha, nikatia mate, ukoko ukageuka mwekundu. Pembeni kulikuwa na unyoya.

Nilikwenda kwa Baba nikamwuliza, mbweha ni wewe?

Akageukia ukuta. Kisha akaniambia yote. Unakumbuka siku uliyomaliza gari, majirani wakaja, Baba akaleta jogoo achinje juu ya boneti kama alivyochinja lilipokuja na injini yake, kabla sisi hatujazaliwa? Ukacheka. Ukasema gari hili halinywi petroli wala damu. Watu wakacheka na wewe. Baba akamrudisha jogoo bandani. Ulipoondoka tu akamchinja, kimya kimya, kwa sababu hakuweza kumpandisha mwanawe kwenye gari lisilotolewa kafara. Damu ikapita kwenye ufa wa boneti. Gari lilipoanza kukata alidhani linadai. Akachinja mwingine. Likikata tena, mwingine tena. Siku niliyomkuta na kisu, jogoo alikuwa ameshaanguka nyuma ya gurudumu, sikumwona.

Alikuwa anafungua boneti kuipangusa damu nisiione. Ndiyo maana mara nyingine liliwaka. Pale kwenye kona ya mwamba angepangusa tu kwa mkono wa shati, na labda lingewaka.

Ulikuwa sahihi kwamba ni Baba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ulikuwa sahihi.

Gulsifat


Dushanbe, 16 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Gulsifat akusomee yote, asiruke.

Kufuli nililinunua mimi. Nililichagua gumu. Muuzaji alinionyesha jepesi nikamwambia nataka lisilovunjika kwa mkono wa mtu.

Kazi yangu hapa ni kutafuta hitilafu. Mtu akiniletea basi lililokufa simkasirikii, namwuliza lilifanya nini kabla ya kufa, tena na tena, mpaka nipate. Wewe sikukuuliza hata mara moja. Nilikuandikia hukumu nikamtuma mtoto wako aisome.

Na siku ile ya jogoo nilicheka kwa sababu majirani walikuwepo, nilitaka wanione fundi wa mjini. Ungekuwa umeniambia baadaye tukiwa wawili ningekuambia chinja, Baba, lakini chinja kwenye gurudumu. Naona sasa kwamba nilikuwa nimeshakufunga mdomo.

Ruhusa ya kuja nyumbani nimeiomba kazini, sijui watanipa lini. Sijui nitasemaje nikikuona. Niandikie neno moja. Hata likiwa la kunifukuza.

Mwanao,
Alifbek


Darzhomj, 24 Desemba

Mwanangu Alifbek,

Anayeandika ni dada yako. Mimi nasema, yeye anaweka nukta. Nimemwambia asinipambe.

Barua yako nimesomewa, na hakuruka kitu. Ile yako ya kwanza iliniuma, sitasema haikuniuma. Nilikaa kinuni nikawa najiuliza, huyu nimemlea mimi? Halafu nikasema, ndiyo, nimemlea mimi, mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtu akishika kisu karibu na gari la watu aulizwe. Ila ungeuliza.

Na mimi ningesema. Niliona haya. Mzee wa umri wangu anamficha mwanawe jogoo.

Gari limerudi. Gulsifat alisafisha ile plagi kwa spiriti na mswaki, akaikausha juu ya jiko, akapaka grisi, kama ulivyomwelekeza kwenye karatasi uliyoiambatisha na barua yako. Namba ni tatu, hata theluji ya maji ikianguka. Mtoto analia usiku na mchana, ana sauti ya ile injini yangu. Jina hatujampa, tunakusubiri.

Dada yako kaniambia kanuni yenu ya karakana, kwamba anayegusa betri mkono mmoja ukae mfukoni. Nimeipenda. Huu wangu wa kulia sasa unakaa mfukoni muda wote, kwa hiyo naweza kuwa fundi wako. Nimemwambia hivyo nikitegemea acheke, akalia. Usilie na wewe, barua italowa.

Nina jambo moja tu. Gari hili limetuangusha, limetufikisha, lina damu ya kuku na sasa limekula vidole vyangu pia, na bado halijatolewa kafara sawasawa mbele ya watu. Siwezi kuliacha hivyo wakati mtoto huyu atakuwa analipanda. Kuku wetu wamekwisha. Ukija lete jogoo, awe mwekundu. Nitawaita majirani wale wale.

Kwa gumba peke yake kisu hakishikiki, nimejaribu. Kwa hiyo mimi nitamshikilia jogoo kwa kushoto, wewe utaniambia ni wapi hapana waya, na utachinja wewe.

Baba yako,
Davlatqadam